Sura ya Tano: Waliodandia Jiwe

Jiwe langu la kwanza lilinifikia Hamburg mwezi wa Januari, limezongwa magazeti yaliyolowa maji ya chumvi, ndani ya boksi la povu jeupe. Uzito wake kilo nne na ushei. Muuzaji aliniambia limetoka Indonesia. Nilipolifunua jikoni, harufu ya mwamba ulioachwa na maji ikaenea nyumba nzima, harufu ambayo sikuwa nimeinusa tangu niondoke pwani ya kwetu, Jambiani. Nikalinyanyua kwa mikono miwili, na kabla sijalifikisha kwenye tangi, kitu kikaruka kutoka kwenye tundu, kikaangukia sinki na kuanza kupapatika. Kilikuwa na ukubwa wa punje ya mchele, miguu mingi, mgongo umekunjika. Hakikuwa kwenye risiti. Nikakichota kwa kijiko cha chai, nikakitia majini, kikazama kati ya changarawe na kutoweka.

Wanaofuga viumbe vya bahari majumbani huyaita mawe haya mawe hai. Jiwe lenyewe ni mifupa ya matumbawe yaliyokufa zamani, jepesi, lenye matundu kama mkate wa kumimina. Uhai umo matunduni: bakteria wanaogeuza amonia ya samaki kuwa naitraiti, kisha naitreti, mwani mgumu wa rangi ya zambarau, sponji, konokono, kaa, minyoo. Mfugaji hulinunua kwa ajili ya bakteria. Hao wengine wote huja kwa kudandia, kama vijana wanaoning'inia nyuma ya gari pasipo nauli, na ndiyo maana nitawaita wadandiaji.

Na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu mdandiaji hana jina. Samaki wa dukani huja na kibandiko. Mdandiaji hukutokea saa nane ya usiku, nusu mwili nje nusu tunduni, nawe unatakiwa uamue upesi: huyu ni msaada au ni hasara? Wengi huamua kwa woga. Niliamua hivyo mara moja, na nitalieleza tukio hilo.

Nilijifunza kuuliza vizuri kabla sijajua kwamba kuna matangi ya kioo duniani. Shangazi yangu alikuwa akishuka pwani kila bamvua kutafuta pweza, na nilipokuwa na miaka minane au tisa alinichukua nimbebee kapu. Maji yakishakupwa mwamba wote unakuwa matundu, mamia kwa mamia. Yeye hakuchokoa kila tundu. Alisimama, akatazama mlangoni. "Usitie mkono, mwanangu. Angalia kwanza katupa nini nje." Pweza hula ndani na kutupa mabaki mlangoni: makombe yaliyo wazi, magamba ya kaa, vijiwe alivyovisukuma nje kwa kusafisha nyumba. Pango la mkunga halina jalala la namna ile. Mtoto akichanganya hayo mawili, anarudi nyumbani na kidole kilichochanika. Kwa hiyo shangazi alimtambua mwenye nyumba kabla hajamwona, kwa alichoacha nje, kwa umbo la mlango, na kwa jinsi mchanga ulivyokaa.

Miaka ishirini na kitu baadaye nilikaa mbele ya tangi la lita 200 nikiwa na tochi niliyoifunika kwa plastiki nyekundu. Kaa na kamba wengi hawaioni sawasawa nuru nyekundu, kwa hiyo huendelea na shughuli zao kana kwamba hupo. Usiku wa tatu akatoka mnyoo. Alikuwa wa rangi ya waridi iliyochujuka, mrefu kama kidole changu cha kati, na huenda mkiani kulikuwa na zaidi kilichobaki ndani. Kila pingili ilikuwa na vishada viwili vya miiba myeupe, kimoja kila upande, miembamba kama pamba ya kioo. Aliipapasa chembe ya chakula cha samaki, akaiburuta, akarudi nayo tunduni kinyumenyume. Moyo ulinienda mbio, kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kusoma habari za Newquay.

Mwaka 2009, katika Blue Reef Aquarium huko Newquay, Cornwall, wafanyakazi waliona matumbawe yao yakiharibiwa, mengine yamekatwa vipande, wala hawakumwona anayefanya hivyo. Wakatega. Chambo kililiwa na mshipi ukakatwa. Mwishowe walilivunja tangi lote, jiwe baada ya jiwe, na ndani wakamkuta mnyoo wa zaidi ya mita moja. Huyo ni wa jamii ya Eunice, mnyoo ambaye mtaalamu wa viumbe Pallas alimwandika kisayansi tangu 1788 na kumwita aphroditois. Hujifukia, akaacha kichwa tu, na mataya yake hufyatuka kama mtego wa panya. Mwaka huohuo wa 2009, huko Shirahama, Japani, mwingine alikutwa ndani ya chelezo kwenye bandari ya wavuvi: sentimita 299, pingili 673. Kwa uwezekano mkubwa yule wa Newquay aliingia angali mdogo ndani ya jiwe, akakulia humo pasipo yeyote kujua.

Basi nami nilikuwa na mnyoo ndani ya jiwe. Tofauti ni kwamba nilikuwa nimemwona kichwa. Eunice ana vipapasio vitano vilivyosimama kichwani, na ngozi yake humeremeta rangi nyingi kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Wangu hakuwa navyo. Alikuwa na miiba myeupe ubavuni kwa vishada, alama ya jamii nyingine kabisa, wala mizoga na makombo. Miiba ile ina uwazi ndani na huvunjika ngozini. Ukiguswa unawashwa siku nzima, na dawa ya kwanza ni kubandika utepe wa gundi juu ya ngozi na kuubandua, utoke na miiba. Zaidi ya hapo, mnyoo huyo ni mfagiaji.

Nilimwacha. Majuma mawili baadaye samaki wangu mmoja alifia nyuma ya jiwe mahali mkono haufiki. Asubuhi nilikuta mifupa mitupu, na nilipopima maji amonia haikuwa imepanda. Ningekuwa nimemuua yule mnyoo na ndugu zake, mzoga ungeozea pale na kuchukua wengine. Lakini fikiria mtu asiyejua, anayewasha taa na kuona minyoo kumi imemzunguka samaki wake. Atasema wamemuua. Nimeyasikia hayo kwa wafugaji wengi, na ni kosa lilelile la kumhukumu aliyekuja mazikoni.

Sasa lile tukio la woga nililoahidi, la kaa.

Nilinunua kipande cha Pocillopora, tumbawe lenye matawi mafupi manene, la rangi ya waridi, kiasi cha ngumi. Kati ya matawi alikuwamo kaa mdogo, upana wa ukucha wa kidole gumba. Nilikuwa nimeambiwa na mtu niliyemwamini kwamba kaa yeyote ndani ya tumbawe ni mla tumbawe, atolewe. Nikachukua kibano kirefu. Ilinichukua karibu saa nzima, kwa sababu kaa yule hakukimbia. Kila nilipokiingiza kibano alikuja mbele, akakishika kwa magando yote mawili na kukisukuma. Hatimaye nilimtoa akiwa amepoteza miguu miwili, nikamtupa.

Laiti ningemtazama. Gamba lake lilikuwa laini, linang'aa kama kifungo cha shati, pasipo unywele hata mmoja. Magando yalikuwa makubwa kuliko mwili ulivyostahili, na ncha zake hazikuwa nyeusi. Kaa wa kuogopwa ndani ya tangi mara nyingi ni wa manyoya, mwili mzito, ncha za magando nyeusi au kahawia kana kwamba zimechovywa kwenye wino, naye hujificha jiweni na kutoka usiku kwenda kuchuna. Huyu wangu alikuwa Trapezia, kaa ambaye huishi ndani ya tumbawe lake na kulilinda. Akija yule kiti cha pweza mwenye miiba, adui mkubwa wa matumbawe, Trapezia humkabili, humfinya na kumkata miiba mpaka aondoke, naye ni mdogo kwake mara mia.

Wiki ya tatu vumbi la kijivu lilikuwa limejaa kati ya matawi. Nililipuliza kwa bomba la sindano, likarudi. Nyama ya tumbawe ikaanza kuchanika kuanzia chini, na mwisho wa mwezi lilikuwa jeupe tupu. Baadaye nikasoma kazi iliyochapishwa mwaka 2006 kutoka kisiwa cha Moorea, Polinesia ya Ufaransa. Watafiti waliwaondoa kaa wa ukoo wa Trapezia kwenye baadhi ya matumbawe na kuwaacha kwenye mengine. Katika yale yaliyoondolewa kaa, kati ya asilimia 45 na 80 yalikufa kabla mwezi haujaisha, kwa sababu hapakuwa na wa kuyaondolea mashapo. Yaliyobaki na kaa wao yaliishi. Nilipoisoma ile karatasi nilikumbuka jinsi alivyokishika kibano changu. Alikuwa mlinzi mlangoni kwake.

Tangu siku ile sitoi kitu chochote kabla sijakijua, na nikisema kukijua sina maana ya jina la Kilatini. Jina huja mwisho. Kwanza natazama kinatoka wapi na saa ngapi, kisha kinashika nini, kwa mdomo au kwa gando, na kinaacha nini nyuma. Nakipiga picha na rula kando. Nikiweza nakitia kwenye glasi nyeupe chini ya lenzi, kwa sababu mambo mengi yanayoonekana ya kutisha kwenye tangi la giza hugeuka kuwa wazi juu ya sahani nyeupe. Ile punje ya mchele iliyorukia sinki, kwa mfano, ilikuwa amfipodi, kiroboto wa majini asiyeuma mtu, msaga majani na chakula cha samaki. Leo wako mamia tangini.

Sauti nayo ni alama. Usiku mwingine nilianza kusikia mlio, tak, kama mtu anayegonga kioo kwa ukucha. Wafugaji wengi wakiusikia huona kiama, kwa sababu ya kamba vunjajungu. Huyo ana marungu mawili yaliyokunjwa kifuani, na jamii ya vunja-makombe huyarusha kwa kasi ambayo watafiti wameipima hadi mita 23 kwa sekunde, kiasi kwamba maji nyuma ya pigo huchemka na kupasuka kwa mshindo wake. Mwaka 1998 mmoja alipasua kioo cha tangi lake huko Great Yarmouth, Uingereza. Lakini wako pia kamba wadogo wenye gando moja kubwa wanaolifyatua kufanya mshindo, nao ni majirani wema, huchimba na kukaa na samaki pango moja. Nikakumbuka jalala la shangazi. Asubuhi nilitafuta makombe yaliyovunjwa. Konokono wangu wote walikuwa wazima, na kaa walikuwapo. Mpigaji wa rungu asingeacha mlango msafi vile. Siku nne baadaye nikaliona gando kubwa likisukuma mchanga nje.

Wapo ambao baada ya kuwajua unawahofia zaidi. Anemoni wa kioo, Aiptasia, huja kama kikombe kidogo cha rangi ya chai chenye vinyuzi, cha kupendeza kabisa. Ukimkata, kila kipande cha unyayo wake kilichobaki jiweni huwa anemoni mzima. Aliyeipa jamii hiyo jina la Aiptasia, mwaka 1858, ni Philip Henry Gosse, Mwingereza yuleyule aliyeandika kitabu cha The Aquarium mwaka 1854 na kuwatia watu wa nchi yake wazimu wa kuweka bahari sebuleni. Nadhani angesikitika kujua jina alilompa linatajwa leo kwa hasira namna gani. Dawa yake bora ni koa mdogo wa bahari aitwaye Berghia, asiyekula kitu kingine chochote: akiwamaliza, naye hufa njaa, kwa hiyo wafugaji hupeana kama watu wanavyoazimana mtungi. Kuna pia konokono waliojibandika jiweni kwa bomba la chokaa na kurusha wavu wa ute majini. Wavu huo ukilala juu ya tumbawe hulidumaza. Huko Moorea pia walipima upungufu wa ukuaji kufikia asilimia 81.

Lakini hatari ninayotaka kila msomaji aikumbuke haina meno wala gando. Kuna zulia la vifungo vya kahawia, laini kwa kugusa, Palythoa na ndugu zake, ambavyo mara nyingi hudandia jiwe na kuenea. Baadhi hubeba sumu iitwayo palitoksini, mojawapo ya kali kabisa zinazojulikana katika viumbe. Wanasayansi waliitenga mwaka 1971 kutokana na viumbe hao kutoka Hana, kisiwani Maui, Hawaii, ambako wenyeji walikuwa wakiwajua tangu zamani na kuwataja kama mwani wa mauti. Mtu akiona vimezidi hutoa jiwe na kulichemsha, au hulimwagia maji ya moto na kulisugua. Mvuke ule hubeba sumu. Huko Anchorage, Alaska, kati ya 2012 na 2014, watu waliugua kwa sumu iliyodhaniwa kuwa hii majumbani na dukani, vifua vikibana, homa ikipanda, na wengine hawakuwa wamegusa chochote. Walikuwa ndani ya nyumba tu. Jiwe lenye uhai usilichemshe kamwe. Ukilisafisha, vaa glavu na miwani, lifanyie kazi ndani ya maji, na mtoto asiwepo karibu.

Na kwa anayesoma haya akiwa Jambiani, Kilifi au Mafia, akajiona amebahatika kuwa na mawe hai mlangoni: yaache. Biashara ya matumbawe magumu na mawe hai duniani iko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, Jedwali la Pili, ili yasije yakaisha. Shuka bamvua ukayatazame yalipo. Utaona mengi kuliko niliyoyaona mimi kwa miaka kumi.

Kiumbe ninayempenda kuliko wote sijui kama nimewahi kuwa naye. Mwaka 1883, Franz Eilhard Schulze, profesa wa Graz, Austria, mji ulio mbali na bahari, aliona kitu kwenye ukuta wa tangi la maji ya chumvi katika taasisi yake ya zuolojia. Kilikuwa bamba jembamba la kijivu, upana wa milimita moja hadi chache, hakina mbele wala nyuma, hakina mdomo, tumbo, misuli wala neva. Kiliteleza kwa nywele ndogo sana zilizo chini yake, kikabadili umbo kama tone la mafuta kwenye mchuzi, na kilipokutana na chakula kilikilalia na kukiyeyushia palepale nje ya mwili. Akakiita Trichoplax adhaerens, bamba la nywele linalonata. Naye hakukileta Graz. Kilikuwa kimedandia.

Wenzake walipata shida ya kukiweka mahali. Mwaka 1907 Thilo Krumbach aliandika kwamba si mnyama wa pekee, ni kiluwiluwi tu cha Eleutheria, yavuyavu mdogo atambaaye. Maelezo yale yaliwaridhisha wengi, na kwa zaidi ya nusu karne vitabu vilimpita Trichoplax kama kiluwiluwi cha mtu mwingine. Hakuna aliyesema uongo kwa makusudi. Walipata jina lililokuwa karibu, wakaacha kutazama. Hadi mwaka 1971 ndipo Karl Grell, aliyekuwa akimfuga mnyama huyo kutoka Bahari ya Shamu, alipomwona akizaa kwa njia zake mwenyewe na kutamka kwamba hana ukoo na yeyote kati ya makundi yaliyojulikana. Akamfungulia faila lake, Placozoa. Faila ni mgawanyo mkubwa kabisa chini ya himaya: wadudu, kaa na buibui wote wanaenea katika moja, na sisi pamoja na samaki na ndege katika jingine. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2008 ilikutwa na jeni kama 11,500, nyingi zikiwa za aina ambazo wanyama wakubwa huzitumia kujenga neva, na huyu hana neva. Kwa miaka 47 baada ya Grell alikuwa spishi pekee iliyokubaliwa na wataalamu wengi katika faila nzima, mpaka 2018 alipopata mwenzake wa Hong Kong, Hoilungia.

Kwa hiyo kila Jumapili, ninapochukua wembe kukwangua mwani kwenye kioo, naanza na lenzi. Jumapili iliyopita, pembeni kushoto, karibu na bomba la pampu, palikuwa na doa la kijivu lisilofikia upana wa ncha ya penseli. Lilikuwa la duara. Nilivuta kiti, nikaegemeza kiwiko kwenye meza ili mkono usitikisike. Dakika mbili zikapita, tatu. Ukingo wa juu ukajivuta polepole kuelekea kwenye mwani, na doa likawa na umbo la figo. Kisha likakatika katikati, au labda lilijikunja tu. Lenzi yangu haina nguvu ya kutosha kunionyesha.

Nimekwangua kioo chote, nimeiacha pembe ile. Hadubini ya kuazima inakuja Alhamisi.